Habari za Miguu Isiyoweza Kusimama Tuli

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona kwa macho, walakini hatukuujua kwa jina. Nami naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana pasipo kosa hilo nisingaliijua habari hii.

Katika shule niliyofundisha zamani palikuwa na mvulana wa miaka 12. Kila asubuhi watoto walipopangwa mstarini waliamriwa kusimama wima na kutulia mpaka majina yamekwisha kuitwa. Wenzake walitulia, yeye hakutulia. Alihamisha mguu huu, kisha huu. Akasogea mbele hatua moja, akarudi nyuma. Mara akamshika mwenzake bega. Watoto wakacheka, na mstari ukaharibika. Nikamwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nikamtoa mbele ya shule nzima, nikamwamuru asimame peke yake, miguu pamoja, mikono ubavuni, na macho ayafumbe, ili ajifunze utii. Akafumba macho. Hata sijahesabu kumi, akaanguka kama gogo, akapasuka kidevu.

Nami, nawaambia kweli, hata hapo sikumhurumia upesi. Nilidhani amefanya ukaidi hata katika kuanguka.

Siku ya pili mama yake akaja shuleni. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama mlangoni, akabisha hodi, akasema kwa sauti ya upole, “Mwalimu, mwanangu si mkaidi. Hata mimi siwezi kusimama kisimani nikingoja zamu yangu, isipokuwa nimeshika kitu. Watu husema nimelewa, nami pombe sijaionja tangu kuzaliwa kwangu.” Nikamtazama, nikaona kwamba wakati wote tuliposema, mkono wake mmoja haukuuacha mwimo wa mlango.

Basi neno lile likanichoma. Nikanena na baba wa mtoto, tukakubaliana, tukaenda sote wanne mpaka hospitali kubwa.

Daktari hakuanza kwa dawa. Alimwambia mtoto avue viatu, akavigeuza akavitazama: vilikuwa vimelika ncha na upande wa nje. Kisha akaitazama miguu. Wayo ulikuwa umepindika juu kama upinde, hata maji yangaliweza kupita chini yake mtoto amesimama. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama makucha ya ndege. Chini ya magoti miguu ilikuwa myembamba, na mapaja yalikuwa mema. Daktari akasema, “Tembea kwa visigino.” Hakuweza, wayo haukuinuka. “Simama juu ya ncha za vidole.” Aliweza kidogo, akayumba, akashika meza. Daktari akampiga kwa nyundo ndogo ya mpira nyuma ya kisigino, wala mguu haukushtuka. Mwisho akatwaa chuma chenye pembe mbili, akakigonga kikatetema, akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu, akauliza, “Wasikia kinatetema?” Mtoto akasema, “Sisikii kitu.” Akakiweka gotini. “Sasa nasikia.”

Daktari akanyamaza kidogo, halafu akamgeukia mama, akamwambia, “Mama, nawe tafadhali vua viatu.”

Ndugu zangu, miguu ya mama ilikuwa ile ile. Upinde ule ule, vidole vile vile, wembamba ule ule. Hapo ndipo nilipoona aibu kubwa, kwa maana nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa sababu ya kitu alichorithi kabla hajazaliwa.

Sasa nitawaeleza ugonjwa huo ni nini. Unaitwa Charcot-Marie-Tooth, nalo ni jina la madaktari watatu. Mwaka 1886, katika mji wa Paris, Jean-Martin Charcot na mwanafunzi wake Pierre Marie waliandika habari za watu ambao misuli ya miguu yao ilinyauka polepole, kuanzia chini kwenda juu, na ambao katika jamaa zao wengine walikuwa na hali ile ile. Mwaka huo huo, huko Uingereza, daktari Howard Henry Tooth aliandika habari za ugonjwa huo huo. Tena Tooth ndiye aliyesema kwamba kasoro iko katika mishipa ya fahamu iliyo nje ya uti wa mgongo, na baadaye ikaonekana kwamba amesema kweli. Neno hilo “Tooth” kwa Kiingereza maana yake ni jino, lakini ugonjwa huu hauna neno na meno. Ni jina la mtu tu.

Msidhani ya kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Umeonekana katika mataifa ya kila namna. Hesabu itumiwayo sana ni kwamba katika watu 2500 yumo 1 mwenye ugonjwa huu, nayo imetoka katika uchunguzi uliotangazwa huko Norway mwaka 1974. Katika magonjwa ya mishipa ya fahamu yanayorithiwa, hakuna ulio wa kawaida kuliko huu.

Mshipa wa fahamu si mshipa wa damu. Ni kama uzi unaochukua habari. Nyuzi nyingine hutoka katika uti wa mgongo kwenda kwenye misuli, zikichukua amri: inua, kunja, kaza. Nyingine hutoka katika ngozi na viungo kwenda juu, zikichukua taarifa: hapa pana jiwe, hapa pana moto, hapa ardhi imeinama. Nyuzi nyingi zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Ganda hilo likiwa jema, habari hupita mbio. Katika mkono wa mtu mzima asiye na ugonjwa, amri husafiri kiasi cha meta 50 au zaidi kwa sekunde moja. Kwa wale wenye aina ya kwanza ya ugonjwa huu, ambao ganda lao lina kasoro, mwendo huo huwa chini ya meta 38, na mara nyingi huwa karibu na 20 tu. Daktari aweza kuupima kwa umeme kidogo unaoshtua ngozi, hauumizi sana. Baada ya miaka mingi ganda likiwa bovu, uzi wenyewe pia hudhoofika, na msuli usiopata amri hunyauka, kama shamba lisilofikiwa na maji ya mfereji.

Kwa nini basi huanza miguuni? Kwa sababu nyuzi zinazofika vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote mwilini. Kutoka chini ya mgongo mpaka kidole gumba ni kiasi cha meta moja kwa mtu mzima. Uzi mrefu ndio ulio na mengi ya kuharibika. Baadaye, kwa wengine, mikono hufuata: vifungo vya shati vyawa vigumu kufungwa, na kalamu yachosha.

Na tuitazame sasa kazi ya kusimama, maana sisi wazima hatuihesabu kuwa ni kazi. Mtu aliyesimama hakutulia kama nguzo iliyochimbiwa. Mwili wake huyumba kidogo daima, mbele na nyuma, kama mnazi katika upepo mdogo, na kila unapoyumba misuli ya miguu huurudisha. Ukitaka kuona, vua viatu, simama kwa mguu mmoja, ukakitazame kifundo chako: utaona jinsi kano zinavyochezacheza pasipo wewe kuziamuru.

Kazi hiyo yataka vitu viwili, yaani habari na nguvu. Habari huletwa na mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni macho, yanayoona ukuta umesimama wima nawe umeinama. Shahidi wa pili yumo ndani ya sikio, katika vijifereji vyenye maji, naye huambia ubongo kichwa kinapoinama au kugeuka. Shahidi wa tatu ni miguu yenyewe: ngozi ya nyayo, na viungo vya vifundo, vinavyosikia uzito umekwenda mbele au nyuma, kulia au kushoto. Katika ugonjwa huu shahidi wa tatu husema kwa sauti ndogo, au hunyamaza kabisa. Hapo mwenye ugonjwa hutegemea macho yake kupita watu wengine. Mwondolee macho, yaani mzimie taa, au mfunike uso kwa taulo anapooga, naye amebaki na shahidi mmoja tu, yule wa sikioni. Huyo peke yake hatoshi.

Zamani, katika karne ya 19, daktari mmoja wa Berlin, jina lake Moritz Romberg, aliandika juu ya wagonjwa walioweza kusimama macho yakiwa wazi, lakini walipoyafumba waliyumba na kuanguka. Mpaka leo madaktari hupima hivyo: miguu pamoja, macho yafumbwe, nao husimama karibu wameinyosha mikono ili wamdake mtu akianguka. Daktari aliponieleza kipimo hicho sikuweza kujibu neno. Kipimo hicho ndicho nilichompima mtoto yule mbele ya shule nzima, nikakiita adhabu. Tena mimi sikuinyosha mikono yangu kumdaka.

Hiyo ndiyo habari. Kitu cha pili ni nguvu. Misuli ya mbele ya mguu, chini ya goti, ndiyo iinuayo wayo. Ikidhoofika, wayo huning'inia, mtu hujikwaa hata kwenye mkeka, naye hujifunza kuinua magoti juu kama apitaye majini. Misuli ya shavu la mguu, nyuma, ina kazi nyingine. Uzito wa mtu aliyesimama huangukia mbele kidogo ya kifundo, basi mwili wataka daima kuinama mbele, na misuli hiyo huuzuia daima, kama kamba inavyoizuia mashua gatini. Ikidhoofika, kutembea kwaweza kuendelea, lakini kusimama tuli ndiko kunakoshindikana.

Neno hili watu wengi hawalisadiki. Husema, “Mbona nilimwona akitembea, hata akicheza? Akiamriwa kusimama tu, hawezi! Huo ni uvivu.” Nawaulizeni, je, hamjaiona baiskeli? Ikienda husimama wima. Ikisimamishwa huanguka, isipoegemezwa ukutani. Mwenye miguu hii naye ni vivyo hivyo. Akitembea, kila hatua humpa mahali papya pa kuuweka uzito wake. Akiambiwa atulie, hana vifundo vya kumrudisha, basi husogeza nyayo badala yake. Kule kuhamahama nilikokuona kuwa utundu kulikuwa ndiyo kazi yake ya kujizuia asianguke, naye aliifanya kwa bidii kuliko sisi sote tuliotulia.

Tuliporudi kutoka hospitali tukakuta neno gumu zaidi kuliko ugonjwa. Ndugu za baba wa mtoto walikuwa wamekwisha kusikia ya kuwa ugonjwa umetoka kwa mama. Wakaketi barazani wakasema, “Mwanamke huyu ameleta laana katika nyumba yetu. Na arudishwe kwao.” Baba wa mtoto alinyamaza, akitazama chini. Nami nikaomba ruhusa kwa wazee ninene, nikawaeleza kama daktari alivyonieleza.

Katika kila seli ya mwili, nikasema, mna nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo kromosomu, jozi 23. Nusu tumepewa na baba, nusu na mama. Ndizo kitabu cha maagizo ya kuujenga mwili. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani na wa Ubelgiji, kila kundi kwa upande wake, waligundua kwamba watu wengi wenye ugonjwa huu wana kipande cha kromosomu ya 17 kilichorudiwa, mfano wa kitabu ambacho mfungaji amezifunga kurasa zile zile mara mbili. Katika kipande hicho imo jeni iitwayo PMP22, inayoagiza sehemu moja ya lile ganda la mishipa. Mtu wa kawaida anazo 2. Hao wanazo 3. Kama vile chumvi ilivyo njema, nayo ikizidi huharibu mchuzi, ndivyo agizo hilo likizidi huharibu ganda. Aina hiyo huitwa 1A. Ziko aina nyingine, na jeni zaidi ya 100 zimekwisha kujulikana ambazo kasoro yake huleta ugonjwa wa jamii hii.

Kisha nikatoa sarafu mfukoni. Nikawaambia, “Wazee wangu, mzazi mwenye aina hii ana kromosomu ya 17 mbili: moja njema, moja yenye kurasa zilizorudiwa. Kila mtoto hupewa moja tu. Ni kama kurusha sarafu hii.” Nikairusha mara nyingi mbele yao: kichwa, kichwa, mwenge, kichwa, mwenge. Wakaona wenyewe kwamba sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Mzazi aweza kuwa na watoto wanne, wakaurithi wote, au asiurithi hata mmoja. Asiyeupokea aina hii hawezi kuwapa watoto wake. Na baba mwenye ugonjwa huu huwapa watoto sawasawa na mama. Aina 1A haichagui mwanamume wala mwanamke. Nikawaambia tena kwamba hauambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kulala pamoja, wala kwa kuvaa nguo moja.

Mzee mmoja akauliza, “Na huyu mama, aliupata kwa nani?” Mama akajibu yeye mwenyewe, “Kwa baba yangu, nadhani. Nanyi mlimjua.” Wazee wakatazamana. Kisha yule mzee akacheka kwa huzuni, akasema, “Ndiyo. Tulimwita Korongo, kwa sababu ya miguu yake na jinsi alivyoinua magoti. Lakini alilima kuliko sisi, na hakuna aliyesema ana laana.” Nikawaambia kwamba hata madaktari wameifananisha miguu hii na miguu ya korongo. Baraza likavunjika kwa amani, na mama hakurudishwa kwao.

Basi wasomaji, msifanye haraka kumpa kila mwenye miguu dhaifu jina la ugonjwa huu. Kuna mengine yanayofanana nao, nayo yana dawa yake au kinga yake. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu na kulegeza wayo. Mara nyingi huonyesha mabaka katika ngozi yasiyosikia kitu, nao hupona kwa dawa zitolewazo bure. Kisukari hufisha ganzi nyayo za watu wazima. Polio humpata mtoto ghafula, pamoja na homa. Konzo, iliyoelezwa na daktari Trolli katika Kongo mwaka 1938, nayo huja ghafula, na hukaza miguu yote miwili; hutokana na kula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vema, hasa wakati wa njaa. Watu wa Tarime katika Tanzania walipatwa na konzo mwaka 1985, ulipokuwa ukame. Ugonjwa wetu huu hauji ghafula. Huja polepole, kwa miaka, mara nyingi tangu utoto au ujana, na mguu huwa mlegevu, haukakamai. Kwa hiyo mpelekeni mgonjwa kwa daktari. Msikate shauri nyumbani.

Mtauliza, je, iko dawa? Nisiwafiche: mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa. Watu walitumaini sana vitamini C, kwa kuwa iliwasaidia panya waliokuwa na ugonjwa kama huu. Ikajaribiwa kwa watu huko Italia na Uingereza kwa miaka miwili, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba haikuwafaa kitu. Basi akija mtu na chupa, akasema dawa yake huondoa ugonjwa huu, msimpe fedha zenu. Lakini msikate tamaa, kwani wengi wenye aina 1A huishi umri sawa na watu wengine, hufanya kazi, huoa na kuolewa, na wachache tu ndio wanaofikia kiti cha magurudumu. Tena yako mambo mengi ya kuwasaidia.

Kwanza, viatu. Kiatu kinachoshika kifundo, chenye soli pana isiyoteleza, ni bora kuliko ndara. Wayo ukining'inia, fundi aweza kutengeneza kishikizo cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu na kuuzuia wayo usianguke. Mafundi wa kazi hiyo wako katika Afrika ya Mashariki. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwapo tangu mwaka 1981 chuo cha kuwafundisha. Wengine hupasuliwa, ili wayo unyoshwe au kano ihamishwe. Hayo daktari ndiye wa kuyaamua.

Pili, mazoezi. Zamani watu waliogopa ya kuwa mazoezi yatachosha misuli na kuimaliza. Huko Australia watoto 60 wenye ugonjwa huu walichunguzwa, na habari zao zikatangazwa mwaka 2017. Waliozoeza misuli ya kuinua wayo kwa uzito wa kiasi, mara 3 kwa juma, kwa miezi 6, misuli yao haikudhoofika kama ya wenzao, hata ilipotimia miaka miwili. Kutembea, kuendesha baiskeli, kuogelea mahali pasipo hatari, na kusukuma ukuta kwa mikono kisigino kikiwa chini, ili kano ya nyuma isifupike, yote hayo ni mema. Kiasi ni kuchoka kidogo, si kuzimia.

Tatu, usiku na maji. Taa iwe karibu na kitanda. Anapooga, awekewe kigoda aketi, hasa anapojipaka sabuni usoni. Njia ya chooni isiwe na mawe wala kamba. Fimbo si aibu. Hata kidole kimoja kikigusa ukuta huwa ni shahidi mwingine anayeuambia ubongo mwili uko wapi.

Nne, nyayo zitazamwe kila jioni. Mguu usiosikia huweza kukanyaga mwiba au kaa la moto pasipo mwenyewe kujua, na kidonda kisichouma huwa kikubwa.

Tano, mwambieni daktari habari ya ugonjwa huu kabla ya kupewa dawa kali. Iko dawa moja ya saratani, vinkristini, inayoweza kuwadhuru sana watu hawa.

Nanyi waalimu wenzangu, neno langu kwenu ni hili. Mtoto anayejikwaa daima, asiyeweza kutembea kwa visigino, anayelika viatu upande mmoja, anayeegemea ukuta kila mahali, msimpige kabla ya kuitazama miguu yake. Waulizeni wazazi kama katika jamaa yuko mwenye miguu kama hiyo. Mpeni mahali karibu na ukuta, au kiti. Mpeni muda zaidi wa kuandika, kama mikono imechoka. Wala msiruhusu wenzake wamwige anavyotembea, kwa maana kicheko hicho hukaa moyoni kuliko fimbo.

Mtoto yule alinisamehe kabla sijamwomba, kama watoto walivyo. Nilimwomba hata hivyo, mbele ya shule nzima, mahali pale pale alipoangukia, maana kosa nililifanya mbele ya watu wote. Tangu siku ile alisimama mwisho wa mstari, mkono wake juu ya mti wa mwembe, naye hakuyumba tena. Dada yake mdogo alipoanza shule, mama alimleta yeye mwenyewe, akaniambia, “Mwalimu, huyu naye nimemtazama nyayo.” Nikachukua kiti, nikakiweka chini ya mwembe.

Mama huyo sasa hashiki tena mwimo wa mlango kwa siri. Ana fimbo nzuri aliyochongewa na mumewe, naye huenda nayo kisimani, na wanawake wenzake humpisha atangulie kuteka. Hakuna anayesema amelewa.

Basi ndugu zangu, nakoma hapa. Mkimwona mtu asiyeweza kusimama tuli, msimwulize kwanza kwa nini hatulii. Mpeni kwanza kitu cha kushika.